Vita vya Ghalib Kalafati na Neno la Herufi Tatu

Sogeeni, enyi watu wa Ngumi na Burgao, nanyi mliotawanyika kutoka Kismayo. Acheni foleni ya maji, mje mkae mkekani, kwani leo nasimulia vita ambavyo ndani yake hapakulia bunduki wala hapakuchomwa nyumba, na ndivyo vita pekee nilivyowahi kupigana badala ya kuvikimbia.

Shujaa ni mimi, Ghalib bin Aboud, Mziba-Nyufa, Bwana wa Pamba na Mafuta ya Papa, niliyeziba vyombo vya Kismayo miaka kumi na minane, na ambaye kwa kutengeneza mashua miaka miwili huko Moroni nilirudi nikitamba kwamba Kifaransa nakijua kama nyundo yangu. Majisifu hayo, jamaa zangu, ndiyo yaliyonitia vitani.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, katika kambi yetu ya wakimbizi, nje kidogo ya Mombasa. Wardah, binti wa Bibi Bimdogo, alikuwa Ufaransa akimwombea mama yake kibali cha kumfuata, na ofisi ya huko ilitaka maelezo ya jinsi mama alivyokimbia, kwa Kifaransa tu. Mukhtar, karani wetu, alikuwa amekwisha kuyaandika kwa Kiingereza, ukurasa mmoja. Nadia wa hema la pili, aliyekuwa akisafiri kwenda huko, angeondoka baada ya sala ya alasiri. Asipoichukua karatasi yeye, haikujulikana nani mwingine angeichukua, wala lini.

"Fundi," akaniambia Bibi Bimdogo, ambaye mtu kwake ni "mchu" na maji ni "mai", "wewe ndiwe mchu wa Kifaransa. Nifasirie."

Nikasimama wima. "Ewe mama wa Wardah! Ewe uliyeivuka bahari na dhiki! Kabla ya adhuhuri, karatasi hii itakuwa imesalimu amri mbele ya kalamu yangu!"

"Haya, kaa basi, wanizibia mwanga," akasema, akarudi kuchambua mchele.

Ndipo nilipomwona adui. Lilikuwa neno "got", dogo kama dagaa, nalo limejipanga mara tisa katika ukurasa ule mmoja. Nikafungua kamusi ya Mukhtar, nikakuta majeshi yake yamejaza kurasa mbili: kupata, kufika, kupanda, kushuka, kuugua, kuwa, na mengine ambayo sikuthubutu kuyatazama usoni. Nikageuka kuangalia kama kuna aliyeiona hofu yangu. Kisha, kwa ushujaa wa mtu mvivu, nikachukua tafsiri ya kwanza, "obtenir", yaani kupata, nikaipigilia mahali pote tisa, na adhuhuri ilipoadhiniwa nilikuwa nimejaa jasho na fahari.

Nikamsomea nikimgeuzia kwa lugha yetu. "Tulipata mashua. Tulipata Kiunga. Nilipata homa. Na mume wangu, Mahmudi, alipata kuachwa."

Ungo ukatuliwa chini. "Nani kaachwa?"

"Mahmudi, bibi. Ndivyo alivyoandika Mukhtar."

"Mimi sikumwacha mume wangu. Karatasi hiyo sitii kidole, Ghalib. Na nisende Ufaransa, nizikwe hapa hapa!"

Jeshi langu lilivunjika pale pale. Nilirudi kwenye kamusi, nikapekua mbele, nikapekua nyuma, huku jua likiinama upande wa alasiri. Mwishowe ilinijia akili ya kazi yangu, nikaona haya. Chombo kikivuja na tundu hulioni, fundi habahatishi pamba. Hujaza maji ndani, akazunguka nje kutazama yanapotokea. Nami tangu asubuhi napigana na Kiingereza cha Mukhtar, na mwenye maneno ameketi hatua mbili kutoka nilipo, tunasema lugha moja, sijamuuliza hata neno.

"Bibi, nisamehe," nikasema. "Nieleze wewe mwenyewe, tangu mwanzo."

Akaeleza. Walipopanda nikaandika kupanda, walipofika nikaandika kufika, alipougua nikaandika kuugua, na lile neno la herufi tatu sikulihitaji hata mara moja. Mwisho akarudi pwani ya Ngumi, walikopandia mashua, na sauti yake ikapungua.

"Mashua ishajaa. Nahodha kasema akipanda mchu mmoja zaidi, twazama. Na Mwanalima, jirani yangu, yuko ufuoni, mimba ya miezi minane. Mahmudi alishakaa ubavuni pangu. Kashuka. Hakusukumwa na mchu. Kamshika Mwanalima mkono, kampandisha mahali pake, kisha kasimama ndani ya mai akitusukuma. Sikumwona tena. Andika kashuka mwenyewe."

Nililia, na msimulizi wa historia hii haoni sababu ya kuficha. Nikaandika: "Il est descendu de lui-même."

"Wasemaje Wafaransa?" akauliza.

"Il est descendu."

"Ile desandu," akarudia, polepole, mara tatu. Ndipo alipotia kidole chake wino.

Basi na iandikwe, vizazi vyote vijue, kwamba Ghalib Kalafati aliyashinda majeshi tisa kwa kutoyagusa hata moja, na kwamba karatasi ilitiwa mkobani mwa Nadia imamu akiwa bado anatoa salamu. Hapakupigwa ngoma. Lakini tangu tufike kambini, aliyemuuliza Bibi Bimdogo habari za mumewe alikuwa akimwona akiinamisha macho. Na alasiri ile alizunguka hema kwa hema, kichwa juu, akiwajibu hata wasiomuuliza, kwa Kifaransa.