Sabuni Analia Nyuma Kushoto

Jumatatu, 2 Juni

Zimefika! Spika sita. Tano ndogo, na moja kubwa ya besi, nzito kama gunia la mpunga. Boaz amezileta mwenyewe kwa pikipiki, safari mbili. Zilikuwa za mfanyakazi mmoja wa mgodi wa Bulyanhulu aliyehamishwa. Akamwachia Boaz. Naye Boaz ni mchimbaji mdogo, analala chini ya turubai pembeni ya duara lake, shimo la dhahabu. Spika sita azipeleke wapi?

Athanas, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alisimama mlangoni akijifanya anachokonoa meno. Yeye ana sabufa moja. Moja tu! Mwaka wa pili huu ananipigia kwaya tangu asubuhi hadi vikombe vyangu vinacheza kabatini. Leo ameyahesabu maboksi kwa macho, moja hadi sita, kisha akaingia ndani bila kuaga. Mungu si Athanas.

Niandike na hili, maana shajara haina mdomo. Sikuzinunua. Tumebadilishana. Boaz ameondoka na Sabuni.

Sabuni ni mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mweupe pee, ndiyo maana ya jina. Ni wa mke wangu Generosa. Alipewa na baba yake, Mzee Maige wa Kagongwa, siku tuliyombatiza binti yetu Loveness. Generosa na Loveness wako huko Kagongwa tangu jana, wanasaidia kuvuna. Mpaka warudi nitakuwa nimeshamkomboa. Kwa njia gani, bado sijui. Wazo litakuja, huwa linakuja.

Jumanne, 3 Juni

Nimeunganisha tangu asubuhi. Nyuma ya spika ya besi zinatoka waya tatu: kijani, nyeusi na ya chungwa. Nyuma ya kompyuta yangu kuna tundu la kijani na tundu la waridi. Basi. Nimechomeka kijani kwenye kijani. Nyeusi nimeichomeka kwenye waridi kwa kukadiria. Ya chungwa nimeiacha inaning'inia, itajijua.

Tathmini. Mbele kushoto: tisa kwa kumi. Mbele kulia: tisa. Kati: bubu. Nyuma zote mbili: bubu. Besi: inanguruma hata nisipocheza kitu. Kwa ujumla, nzuri sana!

Saa tisa Generosa alipiga simu. Sauti imejaa furaha. Jumamosi wanarudi, na baba yake anawasindikiza na kanta, lori dogo la mpunga. Mzee anataka kumwona Sabuni. Generosa amewaeleza ndugu zake wote kwamba katika maisha yake hicho ndicho kitu cha kwanza kilicho chake peke yake, na kwamba Sabuni akizaa, maziwa yatamsomesha Loveness.

Nikakalia spika ya besi.

Kuna habari ya cherehani. Mwaka jana nilichukua cherehani ya Generosa nikabadilishana na mashine ya kutambua dhahabu ardhini. Nilitembea nayo hapa Segese kote kwa miezi miwili. Ilitambua vizibo vya soda, mia moja na kitu. Siku hiyo Generosa hakugomba. Alisema tu kwamba nikigusa tena kitu chake bila kumwuliza, atafunga mzigo aende kwao na mtoto. Generosa akisema jambo huwa halirudii, analitenda. Na mimi bila yeye ni mtu wa kula muhogo mbichi na kuongea na ukuta. Nampenda mno yule mwanamke. Mbele yake siwezi kulisema, hapa naliandika.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda machimboni kumtafuta Boaz. Nimekuta turubai halipo. Wenzake wanasema amepata habari za rashi, dhahabu mpya iliyozuka, huko Geita, ameondoka jana usiku, na kwamba alikuwa ameshaondokana na ng'ombe fulani mweupe. Nikauliza ameondokana naye vipi. Wakacheka. Simu yake haipatikani.

Nimekalia kuti kavu.

Nimerudi nimejilaza kifudifudi. Athanas akawasha kwaya. Na hapo ndipo wazo lilipokuja, asante Athanas, ndiyo kazi pekee uliyowahi kunifanyia. Mimi simwoni Athanas, lakini namsikia, na najua yupo. Kwa hiyo mtu huhitaji nini kuamini kwamba ng'ombe yupo? Kumsikia!

Mpango ni huu. Spika mbili za nyuma nazitoa dirishani hadi kwenye zizi, nyuma ya uzio wa mabua. Kompyuta inacheza sauti ya ng'ombe. Mzee amekaa sebuleni, anasikia mtamba wake analia nyuma kushoto, anasogea anakula nyuma kulia. Anaridhika, anakunywa chai, anaondoka. Kwa nini asiende kumtazama? Karantini! Bwana mifugo amekataza mtu yeyote kusogea, kwa kikohozi. Nimempigia Generosa nimemweleza. Akauliza polepole, kwani Sabuni yuko hapo nyumbani? Nikamwambia ndiyo, mama Loveness, sasa hivi anatafuna. Akasema sawa.

Kumbe ni rahisi hivi.

Sauti nimeitafuta mtandaoni. Nimepata ng'ombe wa Ulaya. Hafai. Analia kama mtu aliyeshiba. Nimekwenda kwenye zizi la Athanas na simu kurekodi. Jike lake limenitazama robo saa bila kutoa neno. Aliyelia ni dume. Alilia vizuri, dakika mbili nzima. Athanas akanikuta nimechuchumaa, akaniuliza kama nimekuja kuposa, na kama nimekuja kuposa, mbona sikuleta mshenga. Dume, jike, kulia ni kulia.

Alhamisi, 5 Juni

Jaribio la kwanza la zizini ni aibu. Nyuma bubu bado. Nimenunua kwa fundi simu ile waya ya kugawa sauti, tundu moja kuwa matatu. Nikachomeka zote. Sasa ng'ombe analia nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia na katikati ya sebule kwa pamoja. Kundi zima limeingia ndani! Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo alirudi alikotoka.

Nimepanda gari hadi Kahama, kwenye duka la vifaa vya umeme la Mzee Velji. Nimemkuta binti yake, Disha. Ana adabu lakini hana huruma. Alinisikiliza hadi mwisho, akanieleza kwamba kompyuta yangu inatoa njia mbili za sauti tu, na waya ya kugawa hainizidishii njia, inarudia zile zile. Nahitaji kadi ya sauti ya nje, ya kuchomeka kwenye tundu la USB. Kijani ni mbele, nyeusi ni nyuma, chungwa ni kati na besi. Kisha niingie kwenye mipangilio, nichague spika tano na besi, nibonyeze moja moja nisikie kama inalia mahali pake. Akaongeza kwamba spika za namna hii umeme ukikatika na kurudi, nyingi zinaamkia upande wa bluetooth, kwa hiyo nikumbuke kuzirudisha. Nikamwambia dada Disha, mimi si mtoto.

Akaniuliza napenda filamu za aina gani. Nikasema za mifugo.

Ijumaa, 6 Juni

Kadi imekubali! Nimebonyeza moja moja. Mbele kushoto ipo. Mbele kulia ipo. Nyuma, ng'ombe akalia chini ya kiti cha wageni, ilipo spika ya kati. Nilikuwa nimebadilisha nyeusi na chungwa. Nimerekebisha.

Na sasa, jamani. Nimekaa kwenye kiti atakachokalia Mzee Maige nikafumba macho. Sabuni analia kule zizini, kushoto. Kimya. Anasogea. Analia kulia, karibu na tangi la maji. Nyuma kushoto: kumi kwa kumi. Nyuma kulia: kumi kwa kumi. Machozi yalinilenga. Kwa dakika moja niliamini sijafanya kosa lolote.

Athanas alishindwa kuvumilia, akaja kusikiliza. Nikazima ng'ombe haraka. Akaomba ajaribu kwaya yake kutoka kwenye simu, kwa bluetooth. Nikamruhusu. Ndiyo, nilimruhusu kwa kiburi, nilitaka aone. Akasimama katikati ya sebule, kwaya inamzunguka pande zote, mdomo wazi. Aliondoka mdogo kuliko alivyokuja.

Jioni Generosa amepiga simu kuuliza hali ya mgonjwa. Nikasema, msikilize mwenyewe. Nikamchezea. Akasema, "Namsikia." Akakata simu. Ikiwa mwenye ng'ombe amemtambua kwa simu, nani tena atakataa?

Jumamosi, 7 Juni

Kanta imefika saa nne. Imeegeshwa barabarani nyuma ya duka la mtaani, sikuona sababu. Generosa ameshuka na mtoto. Begi lake halijashuka. Nililiona hilo mara moja, na likanikaa kifuani asubuhi yote. Nikampa Mzee Maige shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akakaa pale pale nilipopanga, spika za sebuleni nimeshazichomoa. Nikamweleza karantini. Akatikisa kichwa kwa upole.

Nikabonyeza kitufe cha kipanya kisicho na waya, mfukoni. Nyuma kushoto, Sabuni akalia. Safi kabisa! Mzee akainamisha kichwa, anasikiliza. Nyuma kulia, akalia tena. Generosa alikuwa anatazama sakafu. Nikasema, mnamsikia, leo ana nafuu.

Umeme ukakatika. Ng'ombe alinyamaza katikati ya mlio. Nikasema amechoka. Tukanywa chai. Dakika kumi, umeme ukarudi, kompyuta ikabaki imezimika, na kabla sijanyanyuka, kutoka zizini, nyuma kushoto na nyuma kulia, Sabuni akaanza kuimba kwaya. Sauti nne. Na kinanda.

Athanas! Simu ya Athanas ilikuwa bado imeshikana na spika zangu kwa bluetooth, naye yuko kwake hana habari.

Mzee Maige alisikiliza ubeti mzima. Akaweka kikombe chini.

"Kumbe ameokoka," akasema.

Hakucheka. Akanieleza, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba yeye ng'ombe wake anawajua kwa rangi, kwa unyayo na kwa sauti, na hata gizani hajawahi kukosea. Kwamba yule wa kwanza, kabla ya kwaya, ni dume la miaka mitatu. Kwamba Jumatano asubuhi alikuwa mnadani, akamwona mtamba mweupe kwenye kamba ya mchuuzi, akamwita jina, naye akageuka. Akamnunua. Ng'ombe wa kwenye zizi lake mwenyewe, amemnunua. Kisha akapiga mluzi, na kule nyuma ya duka, juu ya kanta, Sabuni akalia.

Jamani, haikufanana hata kidogo.

Nikajua basi kwamba jana Generosa alisikiliza simu yangu akiwa amesimama pembeni ya ng'ombe wake. Nikatamani kuingia ndani ya spika ya besi. Mzee akasema ng'ombe ni wa binti yake, na uamuzi ni wa binti yake, kanta inasubiri. Generosa akanitazama kwa mara ya kwanza leo. Macho mekundu.

"Wiki nzima umehangaika kutengeneza sauti yake," akasema. "Kuniambia ukweli ungetumia dakika moja."

Nilimwambia tu nimekosea, na kwamba asiondoke. Nililisema kwa sauti, mbele ya baba yake. Na lile jingine ninaloandikaga humu tu, nalo nikalisema. Loveness akacheka. Generosa akatoka nje. Nikasikia mlango wa nyuma wa kanta ukifunguliwa, hatua nyingi, kamba. Nilihesabu pumzi. Alipopita dirishani alikuwa anamvuta Sabuni kwenda zizini. Akasema bila kugeuka kwamba begi lishushwe, na kwamba anabaki kwa ajili ya ng'ombe, wengine tutaona.

Mzee amezichukua spika zote sita. Anasema fisi wamezidi kwake, zitawafukuza. Wakati wa kuaga, mkono wake begani mwangu, akaniambia nimtunze mtamba, ana mimba ya miezi mitatu. Wabeja, baba. Asante.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekoma. Kabisa. Mali ya Generosa sitaigusa tena.

Nimekaa nimepima kosa lilikuwa wapi. Kadi: sawa. Waya: sawa. Uwekaji wa spika: kumi kwa kumi, hata Mzee alikiri alisikia dume, maana yake sauti ilikuwa halisi. Kosa ni la umeme, na la Athanas. Ambaye, kwa taarifa, tangu asubuhi anapiga kwaya kwa sabufa yake moja, na vikombe vinacheza.

Saa sita Boaz amepiga simu kutoka Geita. Rashi haikuwa na kitu. Lakini amekutana na mtu anayeuza vyombo vyake vya ndani, kuna seti mpya. Spika nane! Mbili za ziada ni za ubavuni. Na haina bluetooth. Nikamwambia, Boaz, nimekoma, sina ng'ombe wa kubadilisha. Sabuni ni wa Generosa, na Sabuni haguswi.

Akaniuliza, na ndama?

Nimefikiri mpaka jioni. Sabuni ni wa Generosa, hilo halina ubishi. Ndama hakutajwa. Hajapewa mtu, hana jina, hana rangi. Na bado yuko tumboni, kwa hiyo huyo hata baba mkwe hajawahi kumsikia sauti.

Boaz analeta Alhamisi.