Kwa Masikitiko Makubwa, Ami Yu Hai

Leo nimeumbuka mpaka kwa wachimba kaburi.

Mnajua najifunza kuandika programu. Ya kwanza nimeutengenezea msikiti wetu hapa Mji wa Kale: akifa mtu, meseji ya janaza iwafikie waumini wote kwa mbofyo mmoja. (Mbofyo mmoja! Nilivyojisifu!)

Asubuhi nikataka kuijaribu. Ilihitaji jina la maiti. Ami Twahir, ndugu wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Wiki hii ametoka hospitali, moyo wake si mzima. Alikuwa kitandani, ananitazama nikihangaika.

"Tia langu," akasema. "Mimi ndiye wa karibu."

Nikacheka. Nikatia, nikabofya.

Simu yangu ikalia. Vizuri. Kisha ikalia ya Ami, chini ya mto. Lo! Nilisahau kuzitoa namba za waumini!

Ami akavaa miwani, akasoma. "Wanizika baada ya adhuhuri? Hata uji sijanywa!"

Nikakimbilia kusahihisha. Sasa sikilizeni ujinga wangu. Maneno ya mwanzo nilikuwa nimeyafunga ndani ya programu, yatoke vilevile kila mara. Msikiti mzima ukapata: "Kwa masikitiko makubwa, twawatangazia kwamba Twahir Mbarak yu hai."

(Wengine wakajibu, "Poleni.")

Vijana walishafika mlangoni na jeneza. Shangazi akaja mbio kutoka Tononoka, buibui amelivaa kinyume, analia tangu barabarani. Alipomwona kaka yake amekaa anakunywa uji, akaanguka pu! Tukammwagia maji. Alipozinduka alinitazama, kisha akanigeuzia mgongo. Afadhali angenipiga.

Nikamgeukia Ami. Kikombe chake kinagonga kisahani. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliona sasa namuua kweli.

Mara akaingia mchimba kaburi, udongo mpaka magotini, akamkuta maiti wake ameegemea mto.

"Mzee, tushafika kiunoni. Tufukie?"

Ami akakitua kikombe. "Fukieni. Lakini muweke alama."

Watu wakacheka. Mimi nikaenda kulia chooni.

Nimejifunza: usijaribu programu kwa namba za watu wa kweli, wala kwa jina la umpendaye. Jamani, mkicheka, chekeni polepole. Ami amelala, nami kila mara naingia kutazama kama anapumua.