Sketi ya Mama Amos na Koti la Mahameli

Venance alikuwa mtu wa mdomo. Wengine Mungu aliwapa mashamba Mbulu, wengine ng'ombe Hanang. Yeye alipewa ulimi na koti moja la mahameli la rangi ya zambarau, na kwa viwili hivyo alikula vizuri Singida, Kondoa na Katesh mpaka miji hiyo ikamchoka. Babati alifika Jumatano. Alhamisi, akinywa chai karibu na soko, akamwona Mama Amos amekuja kununua chumvi.

Chumvi tu, jamani. Lakini mama huyo wa miaka sabini na miwili alikuwa amepiga kilemba cha manjano, blauzi nyeupe iliyonyooshwa, na chini sketi ya ngozi ya Kidatoga, ile ya zamani, laini, iliyochanwa nyuzi nyembamba na kutiwa shanga, inayocheza kila anapopiga hatua. Venance akasahau chai. Kuna mzee Arusha, muuza vitu vya kale kwa watalii, aliyemwahidi pikipiki kwa sketi moja ya namna ile.

Akaulizia. Akaambiwa huyo ni Martina, mjane wa wafugaji wa Kidatoga, anaishi mtaa wa Bagara kwa mwanawe Amos, na hubadili nguo mara tatu kwa siku. Ujanani alikuwa na kitenge kimoja, akikifua anangoja kikauke ndipo atoke. Sasa watoto wamekua, ameamua kuvaa. Wapo waliomshauri ajistahi, avae gauni la kijivu, akae kwenye kigoda angoje siku yake. Yeye aliwajibu kwamba siku hiyo ikija itamkuta amependeza.

Kesho yake Venance akabisha hodi Bagara, koti mwilini, kofia ya pama kichwani, skafu ya hariri shingoni. Akaamkia kwa adabu zote. Akajitambulisha kuwa afisa wa kampuni inayotengeneza kalenda ya Wazee Watanashati, na kwamba Desemba, mwezi wenye Krismasi, umetengwa kwa ajili yake. Mama Amos alifurahi kweli. Akatoa nguo zote kabatini, wakazungumza rangi na mishono saa nzima. Hapa tumtendee haki tapeli wetu: alipomwambia kilemba kile hakiendani na blauzi ya kijani, hakuwa anadanganya. Nguo alizijua. Angekuwa mwaminifu angekuwa fundi mzuri, ila uaminifu una saa nyingi za kazi.

Mwishowe akataja shida yake. Sketi itangulie Arusha siku mbili, ipigwe picha peke yake.

"Kalenda ni ya wazee," Mama Amos akasema taratibu. "Sasa sketi iende, mzee abaki?"

"Mzee atafuata, mama. Nguo inapimwa mwanga kwanza."

Mama Amos akaivuta sketi mapajani. Sketi ile ilishonwa na mama yake mzazi kwa ajili ya harusi yake, na hakubakiwa na kitu kingine kilichotoka katika mikono ile. Aliogopa, na alikasirika pia, kwa sababu alikuwa ameanza kumpenda kijana huyu. Usoni hakuonyesha. Akamwambia aje kesho saa nne.

Saa nne kamili Venance alifika. Sketi ilikuwa imetandazwa mezani. Naye, kama mtaalamu yeyote, akaikamata, akaigeuza, akavuta shanga aone kama zimeshonwa kwa kano au kwa uzi wa dukani.

Mama Amos akaketi na kujifunika uso.

"Umeishika," akasema.

Mlango wa jikoni ukafunguka, wakaingia jirani zake wawili wa umri wake, Marietha na Natalia, mashuka mabegani na fimbo mkononi. Wakaenda kusimama kwenye mlango wa kutokea, yaani mlango haukuwepo tena. Mama Amos akaeleza kwamba sketi ya ngozi ya mwanamke haishikwi ovyo na mwanamume. Aliyeishika huhukumiwa na baraza la wanawake, na baraza ndilo hili. Faini ni fahali mweusi, kabla jua halijazama. Asipolipa, wanawake watatoka kila boma mpaka Hanang na kumfuata popote aendako, kwa miguu, wakiimba.

Venance alishawakimbia polisi, wenye nyumba na wachumba wawili. Lakini wanawake wanaoimba hakujua mtu anawakimbiaje. Akaomba msamaha, akasema yeye ni mtu wa kuja, hana hata mbuzi.

Marietha na Natalia wakanong'onezana. Kisha Marietha akatangaza, kwa uzito wa hakimu, kwamba kwa kuwa mshtakiwa hana mfugo, baraza litapokea ngozi yake.

"Ngozi yangu?"

"Hiyo ya juu," akasema, akielekeza fimbo kwenye koti.

Koti likaenda kwa Mama Amos, pama kwa Marietha, skafu kwa Natalia.

Mchana Venance alikuwa stendi na shati lake, akimsimulia mkasa mzee Gidamanyega, Mdatoga aliyekuwa akingoja basi la Katesh. Mzee alisikiliza, akauliza majina ya waamuzi, halafu akacheka mpaka akashika magoti.

"Baraza lipo, na habari ya sketi ni kweli," akasema. "Shukuru hukukutana nalo. Lakini Marietha na Natalia ni Wairaqw, si wa kabila letu, mmoja mzee wa kanisa la Kilutheri, mwingine mwanakwaya wa Katoliki. Wana haki ya kukaa baraza letu kama uliyonayo wewe. Na baraza halijawahi kula koti."

Venance akainuka kwa hasira arudi Bagara. Hakuwa amevuka barabara alipowaona wenyewe wanakuja, watatu, wamejipamba. Mama Amos alivaa koti juu ya sketi. Zambarau juu ya ngozi ile ilikaa vizuri kuliko ilivyowahi kumkaa Venance, na ukweli huo ulimuuma zaidi ya hasara.

"Shikamoo, mama," akajikuta anasema.

"Marahaba, mwanangu. Mikono ya koti imenizidi. Niikate?"

Polisi walikuwa hatua ishirini tu, lakini kuwaita kungemlazimu aeleze na kalenda. Venance akalitazama koti, kutoka kola hadi pindo.

"Usikate," akasema, mikono yake ameificha nyuma. "Ikunje mara mbili, bitana ionekane. Na kifungo cha chini kiache wazi, shanga zipumue."