Habari za Kung'olewa kwa Bushi ya Springi ya Kushoto

Sogeeni, enyi mlioketi, nanyi mliosimama kwa kukosa viti! Wekeni vikombe chini, zimeni simu, mwenye kikohozi akakohoe kabisa ndipo arudi. Maana leo hazisimuliwi habari za wafalme walioteka miji, hao kila mtu kesha wachoka. Leo zasimuliwa habari za Mwokaji Mikate, Simba wa Tanuri, Mwenye Nyusi za Unga, na jinsi alivyosimama mbele ya kipande cha chuma kisichozidi kikombe cha kahawa, wala asikimbie. Alitaka kukimbia, lakini hakukimbia.

Uani kwake palilala gari la jeshi, kuukuu, lililopigana vita ambavyo hata walioshinda wamevisahau. Mwokaji alilinunua mnadani alipostaafu, akalikokota hadi nyumbani, nalo likainama upande mmoja kama mzee anayetafuta miwani chini ya kitanda. Springi zake nne, yaani yale mabamba ya chuma yanayolibeba, zilikuwa nzima. Ila katika ncha zote mbili za kila springi pana pete, na ndani ya kila pete alijichimbia hasimu: bushi, kijibomba kifupi kilichogandana na kutu tangu enzi za majenerali. Zisipotoka bushi za kale zikaingia mpya, gari haliendi popote.

Naye shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa magari mwenye karakana na mashine ya kusukumia bushi, alilizunguka gari lile akicheka.

"Shemeji, wewe umezoea kukanda. Chuma hakikandwi."

"Nitazitoa bushi kwa mikono yangu," akanena Mwokaji.

"Toa moja tu! Moja, bila mashine yangu, nami nitakuita fundi mbele ya dada. Ukishindwa, gari nalichukua nifugie kuku. Nakuja Jumamosi kunywa chai. Chai ikiisha, na wewe umekwisha."

Mtacheka mkisema, kuitwa fundi ni kitu gani? Lakini miaka yote watu walimsifu Mwokaji kwa vitu vilivyoliwa vikaisha kabla jua halijapanda. Alitamani, japo mara moja, asifiwe kwa kitu ambacho hakuna mtu angekitia siagi.

Nyundo ilikwisha kujaribiwa, na aliyejeruhiwa ni kidole gumba. Kwa hiyo shujaa akaunda silaha. Akachomoa bolti ndefu kwenye kitanda cha wageni, na tangu hapo wageni hawakukaa sana. Akakata kipande cha bomba la maji kwa msumeno wa chuma, akatafuta nati na washa nene, yaani kisahani cha chuma chenye tundu, akaipitisha bolti ndani ya bushi: huku washa ya kuisukuma, kule bomba la kuipokea, nyuma ya bomba nati ya kukaza. Silaha ile akaiita Mng'oa Wakaidi.

Jumamosi shemeji akaja na, jeuri iliyoje, kuku amekuja nao, wamo ndani ya tenga, wanalitazama gari kama wapangaji waliokwisha lipa kodi.

Mwokaji akapanda juu ya gurudumu la akiba, akahutubu. "Ewe bushi! Uliyewashinda makuruta na majemadari! Leo umekutana na mtu aliyekanda magunia kwa magunia!"

"Chai inapoa, shemeji," akasema shemeji.

Ndipo mzingiro ukaanza. Mwokaji akaikamata spana, akakaza. Mishipa ikamtoka shingoni, jasho likamwagika, kandambili zikateleza, bolti ikalia. Bushi haikutikisika. Akakaza tena, bolti yote ikazunguka bure. Shemeji akakoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Mama watoto alikuwa ameketi mlangoni, na tuseme kweli, alikuwa upande wa mayai. Hata hivyo akasogea, akainama.

"Baba watoto, hilo bomba limekalia nini?"

"Limemkalia adui!"

"Ndiyo. Umembana mbele, umembana nyuma. Sasa atokee wapi?"

Hata kuku walinyoosha shingo. Mwokaji akaona: bomba lilikuwa jembamba, limeikalia bushi yenyewe, badala ya kuikalia pete ili bushi iingie ndani yake. Akatazama huku na huku. Bomba pana hapakuwa nalo.

"Dada, usimsaidie, hatukukubaliana hivyo!"

"Nimeuliza tu, kaka. Kuuliza nako kumekatazwa?"

Shemeji akainua kikombe, akakitikisa, akachungulia ndani. Limebaki funda. "Haya, shemeji. Rudi kwenye unga wako."

Mama watoto akanyooka polepole. "Unga huo ndio uliokulisha ulipokuwa unajifunza ufundi." Akaingia jikoni. Droo ikasikika, ikasikika tena kwa hasira. Akatoka na pete nzito ya mashine yake ya kusagia nyama, pete ambayo hakuna kiumbe katika nyumba ile aliyeruhusiwa hata kuipangusa. "Ikipasuka, wewe na gari lako mtalala pamoja."

Bomba likatolewa, pete ikawekwa mahali pake pamoja na washa pana ya kuikalia nati, ikakaa sawasawa juu ya pete ya springi. Mama watoto akatwaa spana ya pili, akakishika kichwa cha bolti kisizunguke. Mwokaji akakaza. Kutu ikatoa mlio kama mlango wa gereza. Akakaza. Grisi nyeusi ikachuruzika. Akakaza huku amefumba macho, na bushi, mshindi wa majemadari, ikateleza kama jino la mtoto, ikaanguka ndani ya pete ya nyama: ting!

Shemeji alikuwa na lile funda mdomoni. Akalimeza. Lakini alikuwa mtu wa neno lake, akasimama, akakohoa, akawaelekea.

"Hongera, fundi."

"Asante," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Shemeji akafungua mdomo asahihishe. Akamwona dada yake bado ameishika spana. Akaufunga, akabeba tenga lake.

Hivyo ndivyo ilivyotoka bushi ya springi ya kushoto, mbele ya mashahidi wenye manyoya na wasio nayo. Na zile bushi saba zilizosalia, zilipousikia ule mlio, zikatetemeka ndani ya kutu zao.