Kipindi Kilichowalaza Wote

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya heri! Mhadhiri wetu wa utangazaji wa kidijitali, yule tunayemwita Mrejesho kwa sababu hamalizi sentensi bila kuuliza mrejesho uko wapi, ametangaza nafasi ya mafunzo kwa vitendo redioni. Kipindi cha asubuhi, si mchezo! Nafasi yenyewe ni moja. Darasa zima limeshapata pa kwenda isipokuwa wawili: mimi na Kasuku.

Asiye na nafasi hahitimu mwaka huu. Mjomba ameshanitengea kiti dukani kwake, duka la misumari na mabati. Mama anasema misumari nayo ni mawasiliano, maana inaunganisha. Mama habishiwi.

Kasuku ni msichana anayeongea kama mtu anayefukuzwa. Jina nimempa mimi. Yeye ananiita Kobe, nadhani kwa sababu ya busara.

Mashindano ni hivi. Kila mmoja atengeneze kipindi cha nusu saa, sehemu kwa sehemu, na kukipakia kwenye jukwaa la idara, na Jumatatu ijayo mhariri kutoka redioni atasikiliza ukumbini aamue. Mrejesho amesema waliokifungua si hoja. Hoja ni wangapi wamesikiliza mpaka mwisho. Anayezima katikati hahesabiwi. Hapo nikatabasamu. Hicho ndicho kina, na mimi ni mtu wa kina.

Kipindi changu kinaitwa "Amkeni!" Lengo ni kuitikisa jamii. Sehemu ya kwanza: jinsi ratiba ya mihadhara ilivyobadilika tangu chuo kifunguliwe. Nimerekodi ndani ya kabati la nguo la dada, ninayeishi kwake, kwa kuwa nguo humeza mwangwi. Nilipofika sehemu nyeti kabisa, shemeji akafungua mlango wa kabati akitafuta suruali. Nikampa ishara asubiri. Akauliza asubiri vipi na yeye amevaa taulo. Imebaki kwenye rekodi. Sikuikata, ule ni uhalisia.

Jumanne, 5 Machi

Takwimu zimetoka. Waliofungua: ishirini na mmoja. Waliofika mwisho: wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni dada, na anasema simu ilikuwa jikoni na yeye alikuwa uani anaanua nguo.

Kasuku amefunguliwa na watu mia tatu! Kwenye kipindi chake anachekesha, anaimba, anampigia shangazi yake simu wanasengenya. Hiyo nayo ni taaluma? Hata hivyo wengi walimkimbia katikati. Bado kuna matumaini.

Tulipishana kwenye ngazi. Akaniambia pole kaka, amejaribu kunisikiliza, kweli amejaribu. Kejeli tupu! Nimeghadhibika hadi nikasahau kula mchana, kisha nikakumbuka.

Nimerudi kwenye madaftari ya mwaka wa kwanza. Mtangazaji mkubwa hushusha sauti. Huongea kutoka tumboni. Hana haraka. Basi! Nimekunywa maji ya moto vikombe vitatu. Neno, pumzi, neno, pumzi. Nimerekodi sehemu ya pili: migongano ya vyumba vya mihadhara na namna kamati ndogo ilivyoishughulikia. Niliposikiliza nilisisimka. Sauti ya kumtoa nyoka pangoni.

Jumatano, 6 Machi

USHINDI! Ishirini na mmoja wamefungua, kumi na tisa wamefika mwisho. Nilidhani mtambo umeharibika. Nikamuuliza fundi wa maabara, akasema mtambo uko sawa, mwenye matatizo atakuwa mwingine.

Tena asubuhi dada alinipikia mayai mawili, jambo ambalo halijatokea tangu nihamie. Akanishika bega. Akasema, mdogo wangu, jana umetulaza wote. Mimi, shemeji yako, mpaka mtoto. Machozi yalinilenga. Kila asomaye kurasa za michezo anajua: timu ikiilaza nyingine, imeipiga bila huruma. Na mimi nimelaza watu wazima wawili na mtoto wa miezi minane kwa ratiba ya mihadhara! Hoja zangu zimewaangusha chali.

Dada amekituma kipindi kwenye kundi lao la kina mama wenye watoto wachanga. Kumbe kina mama hawa wana kiu ya uchambuzi wa kina na sisi wanahabari tumewapuuza miaka yote. Shemeji naye amebadilika. Ametoa suruali zake zote kabatini kabla sijaomba, akaniuliza kama nahitaji mto wa kukalia.

Alhamisi, 7 Machi

Mia nne na kumi na wawili wamefungua. Mia tatu tisini na saba wamefika mwisho! Kasuku amebaki na hamsini na kitu. Kichwa kimevimba, nakiri, lakini kwa haki.

Na jumbe! Nimeketi chini kwenye korido nikazisoma moja moja. Mama mmoja anasema mwanawe alikuwa msumbufu kupindukia, na tangu aanze kunisikiliza hasumbui tena. Najenga kizazi. Fundi cherehani anasema ameisikiliza sehemu ya pili mara nne na mpaka leo hajui iliishaje. Anairudia ili asipitwe na hoja! Mwanafunzi wa kweli huyo. Mlinzi wa ghala ameomba nimwonye mapema ninapopakia, kwa sababu nusura afukuzwe kazi kwa ajili yangu. Nilijua tu kwamba kipindi hiki kitawakera wakubwa. Mzee mmoja mstaafu anasema kikianza tu, mke wake anaacha kumsemesha. Heshima hiyo.

Nikamtafuta Kasuku nimpe pole. Akaniomba jumbe, akazisoma, akaniuliza taratibu kama mimi mwenyewe nimezisoma vizuri. Nikamwambia wivu haufai kwa msomi. Akafungua mdomo. Akaufunga. Mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Sasa nafikiri. Kama hadhira imetulia hivi kwa ratiba tu, nikiipa kitu cha kishindo mashindano yamekwisha. Nimeazima tarumbeta kwa jirani anayepiga kwenye bendi. Sehemu ya tatu inaanza kwa upole, kama kawaida. Dakika ya ishirini, bila taarifa: tarumbeta! Kisha mimi, kwa pumzi yote niliyojaliwa: AMKENI!

Tayari nimekipakia. Nasikia raha mpaka vidole vinacheza.

Ijumaa, 8 Machi

Siandiki kwa raha.

Leo hakuna mayai. Hakuna hata chai. Mtoto analia tangu alfajiri. Shemeji ametoka na macho mekundu, shati amelivaa nje ndani, na hakuniaga.

Jumbe zimefika mia mbili, na nyingi haziandikiki. Mlinzi wa ghala ameanguka pamoja na kiti chake, na kelele za kuanguka ndizo zilizomleta bosi. Fundi cherehani ameshona mkono wa gauni la bibi harusi kwenye shingo. Mzee mstaafu anasema mke wake ameanza tena kumsemesha, na safari hii ana mengi aliyokuwa ameyaweka akiba. Takwimu: mia sita wamefungua. Waliofika mwisho ni kumi na mmoja, na hao nadhani wana matatizo ya masikio.

Dada alinikalisha kwenye kochi. Alikuwa mpole kiasi cha kutisha. Akanieleza, kama mtu anavyomweleza mtoto kwamba moto unaunguza, kuwa kulaza alikokusema yeye ni kulaza tu. Kitandani. Macho yamefumbwa. Akasema kina mama wale wote walikuwa wanakoroma kabla sijamaliza salamu, na ndiyo sababu hakuna aliyezima. Mtu aliyelala anazimaje simu?

Niliumia. Sitaficha, niliumia sana. Niliingia kabatini nikakaa kati ya magauni. Tangu utotoni nimetaka kazi hii moja tu. Nilikuwa namsomea mama gazeti kila akirudi kazini, yeye anafumba macho kwa raha, na mimi nasoma mpaka matangazo ya vifo. Kwa raha! Sasa najiuliza.

Mjomba amepiga simu. Ameuliza kama kile kiti akiwekee mto.

Jumamosi, 9 Machi

Dada amekuja kunigongea kabati. Anasema rafiki zake wana watoto wanne ambao hawajapata usingizi tangu tarumbeta. Ananiomba nirekodi tena. Chochote, ilimradi bila vyombo vya muziki. Nilikataa. Taaluma ina heshima yake, na mimi sikusoma miaka mitatu niwe bembea.

Msimamo wangu ulidumu hadi saa nne asubuhi. Mpwa wangu alikuwa bado analia, uso umevimba, na dada ameegemea jokofu machozi yanamtoka bila yeye kujua. Sikuweza kuvumilia. Nikampokea mtoto. Kwa kuwa sijui nyimbo, nikaanza kumweleza taratibu za kuomba chumba cha mihadhara: kwanza mwombaji anajaza maombi, kisha anasubiri.

Akalala kwenye kusubiri. Dada naye akalala, amesimama vilevile. Nilibaki macho peke yangu nyumba nzima, mtoto mzito begani, na nikajisikia mtu mwenye faida duniani. Sijawahi kujisikia hivyo darasani.

Nikaingia kabatini nikarekodi sehemu ya nne, sauti ya chini, bila kishindo. Jina sikulibadilisha. Kanuni ni kanuni.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya hukumu. Ukumbi wa mihadhara, wenzetu wote wamekuja kuangalia. Mbele ameketi Mrejesho, na pembeni yake mhariri wa vipindi kutoka redioni, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo na sura ya mtu asiyedanganyika.

Kasuku alitangulia. Watu walivunjika mbavu. Mhariri aliandika ukurasa mzima.

Ikaja zamu yangu. Sehemu ya nne, spika kubwa. Dakika ya tatu, kidevu cha Mrejesho kilikuwa kifuani. Wenzangu wakafuata safu kwa safu. Kasuku alinikodolea macho kwa ukaidi, akijifinya mkono, kisha akalala juu ya mkoba wake. Kasuku, kimya! Mhariri alipambana kiume. Alivua miwani, akaivaa, akanywa maji, akaushika ukingo wa meza. Dakika ya saba akaanguka.

Kipindi kikaisha. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi mzima uliolala fofofo. Nilitaka kuaga lakini sikujua nimwage nani. Nikaiona misumari, kilo kwa kilo, maisha yangu yote.

Mhariri ndiye aliyeamka wa kwanza. Akafuta shavu, akauliza nani ametengeneza kitu hiki. Nikainua mkono nusu. Akasema kipindi cha asubuhi anampa Kasuku, hilo halina mjadala. Lakini ana kipindi cha saa nzima usiku, watu wakienda kulala, kinajazwa muziki tu, na wauza magodoro wanamlilia kila siku atafute mtu. Hajapata usingizi kama huu tangu apandishwe cheo. Je, niko tayari? Sharti ni moja: nisiongeze kitu, nisipunguze kitu, na ikiwezekana nisifikiri.

Nilikubali kabla hajafika kwenye sharti. Nitahitimu! Mama amelia kwenye simu mpaka majirani wakaja kumuuliza nani amefariki. Kasuku amenikumbatia, akasema kaka, leo kweli umenilaza. Nilimshukuru sana. Baadaye nikawa sina hakika alimaanisha ipi.

Jumanne, 12 Machi

Nimeanza kazi rasmi, na tayari nimegundua kasoro kubwa.

Mhariri ana nia njema, lakini amesoma zamani. Anasema wasikilizaji watakuwa wamelala. Anajuaje? Takwimu zinaonyesha tu kwamba mtu hakuzima. Hazionyeshi kama amelala! Huenda yuko macho gizani, ameshikwa na hoja zangu, anaona haya kusema. Kina mama wale walisema walilala, sawa, lakini mtu aliyelala ni shahidi wa namna gani? Na tumefundishwa miaka mitatu kwamba mawasiliano bila mrejesho hayajakamilika.

Kwa hiyo nimebuni utafiti. Kipindi kikifika katikati, pale palipotulia kabisa, nitawapigia simu wasikilizaji mmoja mmoja, moja kwa moja hewani, kuwauliza kama wamelala. Asiyepokea nitampigia tena mpaka apokee, maana sampuli lazima itimie. Mhariri sijamwambia, nataka afurahi ghafla.

Kundi lile la kina mama limenipa namba zote kwa moyo mmoja. Nimewaambia ni za zawadi. Nitaanza na dada.