Mandazi Katikati ya Maombi

Nyinyi wajukuu zangu mlio shule za bweni, mtaisikia hii kutoka kwa watu wa Shauri Moyo, na hao huongeza chumvi. Afadhali muisome kwangu. Leo nimeumbuka.

Wiki jana nesi wa kliniki alinipima uzito akatikisa kichwa. Kasichana kembamba kama mti wa ufagio. Ati mtu mnene akila usiku anavuruga homoni. Nikamuuliza homoni ni nini. Ni wajumbe ndani ya damu, akasema. Ukichelewa kula, wa njaa wanapiga kelele na wa shibe wananyamaza.

Nikarudi nikatangaza: mwisho wa kula ni saa kumi na mbili jioni. Nikafunga kabati la chakula, ufunguo nikautundika shingoni. Baba yenu alinung'unika. Nikamwambia tumbo lake hufika mlangoni kabla yake. Wenzangu wa kanisa nikawacheka pia, wale wa kula ugali saa tatu kisha wanashangaa viatu havifungiki. (Vyangu hunifungia Nekesa, mama yenu.)

Leo maombi ya jioni yalikuwa kwetu. Mgeni haondoki bila chai, kwa hivyo nilimfungulia Nekesa kabati. Nikawaambia wote wasikie: mimi sigusi, saa imepita.

Mzee wa kanisa akaanza kuomba. Akaombea wagonjwa. Akaombea wafungwa. Akaombea wasafiri wa kila barabara ya Kenya. Sahani ya mandazi iko mbele yangu, iliki inanukia, na wale wajumbe wa njaa wameshaamka. Nikafumbua jicho moja. Kila mtu amefumba. Nikatia mandazi mdomoni, nzima.

Hapo hapo mzee akasema, "Sasa mama mwenye nyumba atatufungia kwa sala."

Nikajaribu kusema Baba. Ikatoka "Mmbb." Wakadhani nimeshukiwa na Roho. Mama mmoja akaanza kulia, mwingine akainua mikono. (Mimi nilikuwa natafuta hewa.) Nikapaliwa, na kipande kikatua juu ya Biblia ya mzee.

Nekesa akasema polepole, "Mama, nikuletee chai ya kuteremshia hiyo mandazi?"

Baba yenu alicheka mpaka akaficha uso kwenye kitambaa cha kochi. Nyinyi msithubutu.

Walipoondoka, nilivua ufunguo nikampa Nekesa. "Kaa nao wewe. Kuanzia kesho, saa kumi na mbili ukifunga umefunga. Hata nikikuapia kwa jina la marehemu baba mkwe wako, usinifungulie."