Mustang ya 67, Mustang ya 68 na Kiti cha Benedicta

Jumatatu, 8 Juni

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi: usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Benedicta. Hasa Papy.

Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya Veneranda na Urbain, huku ughaibuni. Maharusi wanataka kubebwa na gari la zamani, Mustang; ipi, nipendekeze mimi. Papy, Mkongo wa mtaa wa Tumba, anayo ya mwaka 1967 na haruhusu mkono mwingine ushike usukani wake. Mzee Januari wa mtaa wa Spånga anayo ya 1968, lakini amepasuliwa goti. Ikichaguliwa, nitaendesha mimi. Kando ya dereva atakaa msimamizi wa bibi harusi, yaani mdogo wake, Benedicta. Nusu saa nzima hadi ukumbini Upplands Väsby!

Nitakuwa mwadilifu kabisa. 68 itashinda.

Jumatano, 10 Juni

Ukaguzi umekamilika. Ripoti ya kurasa kumi na nne, picha arobaini. 68 ina vitaa vya ubavuni, 67 haina. Farasi wa nembo ya 67, kwenye grili ya mbele, amebanwa na vyuma kulia na kushoto. Wa 68 ameondolewa vyuma. Nimeandika kwamba bibi harusi hastahili kutanguliwa na farasi aliye kifungoni.

Ndani ya 68 nimekagua kiti cha Benedicta peke yake. Nimekifuta mara tatu.

Ijumaa, 12 Juni

Kikao. Papy akasema vitaa vya ubavuni ni vya watu wasiojua gari lao linaishia wapi. Akaniita mon cher karani, yaani karani mpenzi, akauliza kama nimewahi kufunua kifuniko chochote zaidi ya cha sufuria. Wakacheka. Nikaendelea kusoma. Kufikia ukurasa wa tisa Mama Truphosa, mwenyekiti, akasema jamani, 68 ipite, watu wana njaa.

Ushindi!

Jumamosi, 13 Juni

Nje ya kanisa. Maharusi wameketi nyuma. Benedicta kando yangu, ananukia vizuri. Natazama chini.

Pedali tatu!

Leseni yangu ni ya otomatiki tu. Mzee Januari akanipigia kelele dirishani nikanyage klachi, kijana, nasubiri nini. Nikawaza polisi. Nikawaza kazi yangu. Nikakiri. Benedicta akauliza, kwa upole, pedali zilikuwa ukurasa wa ngapi.

Papy akapewa ufunguo. Mimi nikapewa viatu vya akiba vya bibi harusi. Nikaenda ukumbini kwa treni, nikabadilisha kituo cha Odenplan. Nilipofika, Papy alikuwa akimweleza Benedicta uzuri wa vitaa vya ubavuni na wa farasi aliye huru. Ripoti yangu, neno kwa neno! Benedicta anacheka.

Jumapili, 14 Juni

Nimetafakari. Kosa liko wazi: mwaka. Nilipaswa kutafuta 1969.

Binamu yake Benedicta, Gaudiosa, anaolewa Agosti, Benedicta atasimamia tena, na ukatibu bado ni wangu. Jedwali jipya tayari: 1969 dhidi ya 1970. Taa, grili, farasi, rangi, kiti cha kando ya dereva. Hakuna kilichosahauliwa.

Kwa hiyo, uliyeokota daftari hili: ukimjua mwenye Mustang ya 1969, njoo jengo la njano nyuma ya kituo cha Upplands Väsby, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Tumbukiza karatasi kwenye tundu la barua. Usigonge, nashtuka. Usiandike jina lako. Andika kiti ni cha rangi gani, basi. Mengine nitayakagua mwenyewe.